UZI WA MALALAMIKO: Mnaotengeneza kurasa za albamu za watoto wa kiume, mnatuuzia bluu tu

Wakuu, habari zenu. Mods msiuhamishie huu uzi kule kwenye vichekesho, watu wanalipa hela kwa hizi kazi.

Albamu za kidijitali za watoto wa kiume zinazozunguka mjini ni albamu moja, inabadilishwa jina la mtoto tu. Fungua: bluu. Funua: bluu na dinosaria. Ukurasa wa tatu: bluu, gari la mashindano, na maandishi ya Kiingereza ya kumwita mtoto mwana mfalme. Mtoto mwenyewe kabanwa kwenye fremu ya nyota pale chini kushoto, kama paspoti saizi iliyopotea njia. Mzazi anaagiza ukurasa wa mwanawe, anapewa templeti yenye tundu la kuchomekea picha.

Hivi hiyo bluu nani aliwaambia ni sheria? Hata hao Wamarekani mnaowaiga, mwaka 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto kule lilikuwa linashauri pinki kwa wavulana na bluu kwa wasichana. Ila tuache ubishi wa historia, kichekesho ni kwamba bluu yenyewe mnashindwa kuichapa. Ile inayong'aa kwenye skrini imetengenezwa na mwanga. Mashine ya kuchapa inaijenga kwa wino wa sayani (bluu ya angani) na majenta (pinki iliyokoza), na majenta ikiikaribia sayani, ukurasa unatoka zambarau. Hapo fundi anakwenda kugombana na mwenye mashine! Kosa ni lako. Sayani ikiwa asilimia 100, majenta isivuke 70. Kwenye Photoshop, ile programu ya kompyuta ya kuhariri picha, bonyeza Ctrl+Y uone rangi itakavyotoka kabla hujatuma faili. Na uulize mapema wanachapa kwa wino au kwa karatasi ya picha ya kusafisha kwa dawa, maana ile ya dawa inataka sRGB (mpangilio wa rangi za skrini), ukiipelekea CMYK (mpangilio wa rangi za wino) unajiharibia mwenyewe.

Bluu iliyokoza ina dhambi nyingine: inameza nywele na masikio ya mtoto mweusi. Kichwa kinaishia hewani. Fundi mvivu anaona giza, anaongeza mwanga picha nzima, shati la shule linaungua jeupe pepepe na uso unakuwa kijivu kama umepakwa majivu. Inafanywaje? Nakili leya (tabaka la picha) kwa Ctrl+J, bonyeza Ctrl+M utokee mstari wa mwanga, ushike katikati uupandishe kutoka 128 hadi 140, ikizidi sana 145. Kisha weka maski, yaani kifuniko cha kuficha hilo badiliko kwingine kote, paka usoni na mikononi peke yake. Nyuma ya picha weka ukingo wa krimu wa pikseli 20, ambao kwenye karatasi haufiki hata milimita 2, lakini kichwa kinatoka kwenye giza. Akiwa kwenye kanzu nyeupe, geuza mambo: usimweke juu ya karatasi nyeupe, tafuta kaki au kahawia nyepesi. Na kumsugua mtoto ngozi mpaka aonekane wa plastiki, hiyo hakuna mzazi aliyeiagiza.

Sasa hizi seti za mapambo za kupakua mtandaoni. Gongo la besiboli, chembe za theluji, maboga ya Oktoba. Mtoto wa Mbagala anayecheza chandimu peku unambandikia gongo la besiboli, la nini? Halafu nyingi zina leseni ya matumizi binafsi, nyie mnauzia wateja. Vitu vya mtoto wa kiume vimejaa uani: gari la waya lenye magurudumu ya kandambili iliyokatwa, gololi, tiara, mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Omba mzazi alete, au piga picha ukiwa kwao.

Gari la waya linafaa kuelezwa vizuri kwa sababu ndilo linalowashinda wengi. Liweke juu ya manila nyeupe, kwenye kivuli cha baraza, si juani. Simu iwe juu yake moja kwa moja, flashi imezimwa. Ukilikata kwenye Photoshop, toa pia weupe ulioko katikati ya nyaya, tundu moja baada ya jingine. Mkikata ukingo wa nje tu, gari linatua ukurasani likiwa limevaa shuka. Punguza eneo ulilolichagua kwa pikseli 1 au 2 kwenda ndani kabla ya kukata, lile jeupe la pembeni litaondoka. Hifadhi kama PNG. Ukihifadhi JPEG mandhari inarudi nyeupe na kazi yote imekwenda na maji.

Karatasi za nyuma nazo zipo: ukurasa wa daftari la hesabu la viboksi, kitambaa cha kaptula ya kaki, kikoi. Mtego uko kwenye kuskani. Ukurasa wa inchi 12 kwa 12 unahitaji pikseli 3600 kwa 3600, na ukiskani A4 kwa nukta 300 kwa inchi, upande mfupi unapata 2480 tu. Skani kwa 450, upande mfupi unatoka kama 3720. Kikoi kipige pasi kwanza, mstari uliopinda unaonekana mpaka barabarani.

Vivuli! Kofia kivuli chake kinaanguka kulia, kitufe pembeni yake kinaanguka kushoto, yaani ukurasa mmoja una majua mawili. Chagua pembe moja, digrii 120 ni sawa, na usiiguse tena. Kitu bapa kama karatasi: umbali pikseli 6 hadi 8, nguvu asilimia 40. Kitu kinene kama kizibo cha soda: umbali 15 hadi 20. Tumia kahawia iliyokoza badala ya nyeusi tupu. Na angalia kama kitu kimekuja na kivuli chake tayari, usikiongezee cha pili.

Vichwa vilivyotanuka kama maandazi vinatokana na mafunzo ya zamani. Zamani ulikuwa unashika Shift ili picha isipoteze uwiano. Tangu Photoshop CC 2019 ni kinyume, Shift ndiyo inayouvunja. Usiiguse.

Kitu kingine, watoto hawa wanakimbia. Akikimbilia kulia, wewe unamweka ukingoni kulia, anatoka nje ya kitabu. Mwachie nafasi mbele yake. Uso ukae angalau sentimita 1.5 kutoka kwenye mkunjo wa katikati, la sivyo gundi ya jalada inakula pua. Pembeni ongeza inchi 0.125 kila upande ya kukatwa. Na ukishabuni mraba, usije ukaulazimisha ujaze A4, unapoteza zaidi ya robo ya ukurasa.

Maandishi: yasishuke chini ya pointi 9, na herufi nyembamba nyeupe juu ya bluu nzito huzibwa na wino. Badala ya mwana mfalme andikeni kilichotokea. "Jino la mbele limetoka 14/6. Amelirusha juu ya bati, sasa anasubiri jipya." Miaka 20 ijayo hicho ndicho atakachosoma.

NYONGEZA
Aliyeuliza hapo chini kuhusu kutumia simu tu: Canva, ile programu ya kubuni kurasa, inatosha. Usianze na ule mraba wa mtandaoni wa 1080 kwa 1080, huo ukichapwa vizuri ni inchi 3.6 basi. Weka ukubwa wako wa inchi 12 kwa 12, washa alama za kukatia pamoja na ile ziada ya pembeni, toa kama PDF ya kuchapa. Picha mzazi azitume WhatsApp kama dokumenti. Akizituma kawaida mara nyingi zinafika na pikseli kama 1600 upande mrefu, hizo hazivuki inchi 5 na kidogo.

Na wewe unayesema wateja ndio wanapenda bluu: wanapenda kwa sababu sampuli zako zote ni bluu. Tengeneza mbili kwa picha zilezile, moja bluu yako na moja ya kaki na haradali, mwonyeshe mama yake bila kusema neno.

Anayetaka kazi yake ikaguliwe aitupie hapa, ila afute kwanza nembo ya shule na jina la mtoto.