Sardinia kwa wiki moja, twende wapi kama hatutaki fukwe tu?

BintiPangani:
Wakuu habari zenu. Niko Roma kimasomo, mwishoni mwa mwezi wa nne nina likizo ya wiki moja, mimi na mume wangu tunataka kwenda Sardinia, kile kisiwa cha Italia. Kila ninayemuuliza hapa ananiambia bahari, bahari, bahari. Mimi nimekulia pwani jamani, mchanga mweupe sijaukosa, nachotaka ni kuwaona wenyeji, lugha yao, chakula chao, ngoma zao. Na eti wana lugha yao kabisa au ni Kiitaliano chenye lafudhi? Aliyefika naomba muongozo.

Mzee wa Feri:
Karibu dada. Sio lafudhi, Kisardinia ni lugha kamili, imetoka kwenye Kilatini kama Kiitaliano chenyewe kilivyotoka, na sheria ya Italia imeitambua tangu 1999. Ila ukikaa Cagliari, mji mkuu wa kisiwa, utasikia zaidi Kiitaliano, vijana wengi wameiacha na inauma kwa kweli. Pandeni milimani, upande wa Barbagia, kuanzia Nuoro. Pale Orgosolo kuta za nyumba zimejaa michoro ya wafugaji, ardhi, vita, yaani mji mzima unakusimulia. Mwaka 1969 wananchi wa hapo walijazana kwenye malisho yao ya Pratobello kulizuia jeshi lisiyafanye uwanja wa kulenga shabaha, na jeshi likaondoka. Ukishajua hilo ile michoro unaiangalia kwa jicho lingine kabisa. Mamoiada napo hapo jirani kuna makumbusho ya vinyago, wale mamuthones, wahusika wa kanivali wanaovaa vinyago vyeusi vya mbao na njuga nzito mgongoni.

Kaka Nahodha:
Mzee kasema kweli ila kisiwa hakina lugha moja. Mji wa Alghero wapo wanaoongea Kikatalani, lugha ya kule Hispania, mpaka leo, maana mfalme wa Aragon, hukohuko Hispania, aliuteka mji 1354 akaleta watu wake. Halafu kuna Carloforte, kakisiwa ka kusini magharibi, hao ni wavuvi wenye asili ya Liguria, kaskazini mwa Italia, waliokaa Tabarka kule Tunisia vizazi na vizazi, wakahamia hapo 1738 na lugha yao wakaja nayo, na mpaka leo wanapika kuskusi, wanavua jodari. Mtu wa pwani huko usipite mbali.

Mama Zuu wa Milano:
Kama likizo inagusa tarehe 1 mwezi wa tano, MSIKOSE Cagliari! Ni sherehe ya Sant'Efisio, mtakatifu wao, watu wa jiji walimwekea nadhiri wakati wa tauni 1652 na tangu 1657 maandamano yanatoka kila mwaka, vijiji vya kisiwa kizima vinakuja na mavazi yao, mikokoteni ya ng'ombe imepambwa, na launeddas zinapigwa, zumari la matete matatu, mpigaji anapumua huku anapuliza bila kukata sauti. Ukitaka kuwaona Wasardinia wote siku moja ndiyo hiyo. Kuhusu usafiri, meli ya usiku inatoka Civitavecchia, bandari ya karibu na Roma, mpaka Olbia, kaskazini mwa kisiwa, mabasi yapo ila vijijini Jumapili ni shida, kodini gari angalau kwa siku za milimani.

BintiPangani:
Asanteni sana, tarehe 1 tutakuwepo, tunaanzia Cagliari halafu Barbagia. Swali la mwisho, nasikia huko milimani chakula chao ni nguruwe wa kuchoma, sisi hatuli, tutakula nini?

Mzee wa Feri:
Hamlali njaa dada yangu, kisiwa kina watu kama milioni 1.6 na kondoo takriban milioni 3. Jibini la kondoo kila meza. Ulizeni culurgiones, vile vidonge vya unga vinavyofumwa kwa mkono, ndani viazi, jibini na nanaa. Na pane frattau, mkate mkavu mwembamba unachovywa kwenye supu, mara nyingi ya kondoo, juu nyanya, jibini na yai. Ila ulizeni kwanza mafuta waliyotumia, sehemu nyingine wanaweka ya nguruwe, waambieni tu mapema watawapikia.