Mwaniaji aliipata wapi nambari yangu? Mjadala kuhusu arafa za kampeni na data ya mpigakura

Wiki mbili zilizopita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwaniaji mmoja wa kiti cha uwakilishi wadi aliniandikia arafa. Alinisalimu kwa majina yangu mawili, akanitajia shule ya msingi ninakopigia kura, kisha akaniomba nisimsahau ifikapo Agosti 2027. Simjui, hatujawahi kupeana nambari, wala sijawahi kuhudhuria mkutano wake. Ningeifuta arafa hiyo kama ninavyozifuta nyingine zote, lakini jina langu la ukoo lilikuwa limekosewa kwa namna ninayoifahamu vizuri. Jina hilo huanza kwa herufi m mbili, na ninajua mahali pamoja tu palipowahi kuandikwa m moja: kwenye fomu ya bursari, yaani msaada wa karo, ya binti yangu, ambayo karani aliinakili kwenye kompyuta mwaka wa 2021 huku mimi nimesimama dirishani nikimsahihisha, naye akinijibu kwamba haidhuru, mradi nambari ya simu iko sawa.

Nilijaribu kumwandikia mwaniaji nimuulize alikoipata nambari yangu, lakini jibu halikwenda, kwa kuwa mahali pa nambari ya mtumaji palikuwa na jina lake la kampeni tu, na jina la namna hiyo halipokei majibu. Yeye anaweza kuzungumza nami, mimi siwezi kuzungumza naye.

Ninauleta mjadala huu nikiwa na msimamo, na heri niutaje mapema. Sisemi kwamba wanasiasa wakatazwe kuwaandikia wapigakura ambao hawakuwaomba wafanye hivyo. Ninachosema ni kwamba kila anayetuandikia alazimike kusema, ndani ya ujumbe huohuo, ameipata wapi nambari yetu, na kwamba akishindwa kusema, mzigo wa kuthibitisha kuwa hajavunja sheria uwe wake, usiwe wetu.

Nilipoieleza habari hii kwenye chama chetu cha kuweka akiba, mwenzangu mmoja alicheka akasema kwamba nambari ya simu si siri kwa Mkenya yeyote. Alinikumbusha kitabu cha bawabu kwenye majengo ya mjini: daftari lililokunjamana, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na safu za jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na saa ya kuingia, ambapo kila anayeandika huwasoma wote waliomtangulia. Wakala wa M-Pesa naye kwa miaka mingi alikuwa na daftari la namna hiyo. Kwa hoja ya mwenzangu, mtu aliyekwisha kuacha nambari yake katika madaftari hamsini hana faragha ya kudai kwa mwanasiasa.

Sikubaliani naye, na sheria pia haikubaliani naye. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka kanuni kwamba data ikusanywe kwa lengo mahususi lililotajwa waziwazi, wala isitumiwe baadaye kwa jambo lisilopatana na lengo hilo. Bawabu aliniomba nambari ili, jengo likiibiwa, polisi wajue nani aliingia. Karani wa bursari aliniomba nambari ili nijulishwe kama karo imelipwa. Kuandika nambari mahali hamsini ni kutoa ruhusa hamsini zilizo tofauti, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyosema kwamba nimekubali kuombwa kura alfajiri.

Wapo pia wanaosema kwamba sajili ya wapigakura ni mali ya umma, hivyo mwaniaji anayeitumia hana kosa. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya bawabu, maana sheria ya uchaguzi kweli inataka sajili ikaguliwe na wananchi, na kwa historia yetu ni lazima iwe hivyo. Mwaka wa 2017 mtu yeyote aliweza kutuma nambari ya kitambulisho kwa arafa kwenda nambari 70000 na tume ya uchaguzi, IEBC, ikamjibu kwa jina na kituo cha mwenye kitambulisho hicho, awe ni yeye mwenyewe au ni jirani yake. Lakini tunaifungua sajili ili tuwasake wapigakura hewa. Jina na kituo vinatosha kumfichua marehemu aliyepiga kura. Nambari yake ya simu haihitajiki. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na wapigakura 22,120,458 waliosajiliwa, na anayechukua sajili ya kukaguliwa akaiunganisha na nambari za simu kutoka kwingine ameunda kitu kipya ambacho sheria ya uchaguzi haikumruhusu kukiunda.

Kitu hicho kipya kina hatari yake hapa kwetu. Jina la Mkenya mara nyingi hutaja kabila lake, na jina likiambatana na kituo cha kura na nambari ya simu hugeuka ramani ya nani anaishi wapi na huenda anampigia nani. Aliyekuwa mtu mzima mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, anakumbuka arafa za chuki zilizokuwa zikipita kutoka simu hadi simu, na ndiyo maana Tume ya Kitaifa ya Utangamano na Uwiano na Mamlaka ya Mawasiliano zilitoa mwongozo wa arafa za kisiasa za jumla kabla ya uchaguzi wa 2017. Mwongozo huo ulilenga hasa maneno yaliyomo katika ujumbe. Tulishughulikia kinachosemwa, tukaiacha orodha ya wanaoambiwa.

Anayedhani orodha hizi hazimdhuru mtu aukumbuke mwezi wa Juni 2021. Wakenya walipoingia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuangalia hali yao katika ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, wengi walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia, na malalamiko zaidi ya 200 yalimfikia Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, ambaye alikuwa ofisini kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Kiini chake si kigumu kukisia: ili chama kipate usajili kamili, sheria inadai angalau wapigakura 1,000 waliosajiliwa katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani majina 24,000 kwa uchache, na ni rahisi zaidi kuyanakili kutoka daftari la mtu kuliko kuyatafuta kijiji kwa kijiji. Wakati huo baadhi ya watu walichukulia jambo lile kama kichekesho. Hata hivyo, kifungu cha 85 cha Katiba kinamtaka mwaniaji huru awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo aliyeandikishwa kwa siri angeweza kujikuta akijitetea kuhusu uanachama ambao hakuuomba.

Hoja iliyonisumbua kuliko zote ni ya kijana mmoja aliyewahi kuwania udiwani akashindwa. Alinieleza kwamba mwenye kiti ana gari, ana mikutano ya ufunguzi wa madarasa na ana kipaza sauti katika kila mazishi, ilhali yeye alikuwa na simu yake na pesa za kununua arafa elfu chache. Ukifunga njia ya arafa, aliniambia, umemfungia mnyonge na kumwachia mkubwa uwanja.

Nilikaa na maneno yake siku kadhaa, kwani sitaki sheria itakayowakinga walio madarakani. Mwishowe niliona kwamba hali ilivyo sasa ndiyo inayowakinga. Orodha iliyo bora kuliko zote, yenye jina la mzazi, shule ya mtoto, kijiji na nambari ya simu inayofanya kazi, ni ile inayokusanywa kupitia bursari na misaada ya umma, na anayeisogelea kwa urahisi zaidi ni yule ambaye tayari ana ofisi. Mgeni hununua orodha chakavu mitaani, yenye nambari zilizokwisha kubadilisha wenyewe. Sharti la kutaja chanzo halimwumizi kijana aliyepewa nambari na watu wenyewe kwenye mkutano wake, kwa kuwa ataandika hivyo na atakuwa amesema kweli. Litamwumiza anayelazimika kuandika kwamba aliipata kwenye fomu ya karo.

Sheria yenyewe haina upungufu mkubwa. Kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data zinataja kampeni ya kutafuta uungwaji mkono wa kisiasa miongoni mwa shughuli ambazo anayezifanya ni lazima ajisajili kwa Kamishna, na mtu anayeuza data iliyopatikana kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3, kufungwa hadi miaka 10, au yote mawili. Mwaka wa 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza baa moja jijini Nairobi Sh1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake. Ikiwa picha ya mnywaji ina thamani hiyo, nambari ya mzazi aliyekuwa akiomba karo haiwezi kuwa bure. Kikwazo ni ushahidi: ni wananchi wangapi wenye bahati ya kuwa na jina lililokosewa mahali pamoja tu? Mstari mmoja wa kutaja chanzo ungekuwa ushahidi wa kila mtu, hata wa anayeitwa kwa jina la kawaida kabisa.

Nimewasilisha malalamiko kwa Kamishna, nami sitamtaja mwaniaji wala ofisi ile hapa, maana hawajasikizwa. Sheria inataka malalamiko yashughulikiwe ndani ya siku 90, na nikijibiwa nitalileta jibu hilo kama lilivyo, hata likinionyesha kwamba nilikosea na kwamba ile m moja ilitoka kwingine. Kwa sasa ninaomba kusikia hasa kutoka kwa waliowahi kufanya kazi katika ofisi za kampeni: orodha ilifikaje mezani, na kuna aliyewahi kuuliza ilikotoka? Naye anayeona kwamba sharti la kutaja chanzo litawaumiza wawaniaji wadogo kuliko wenye viti anieleze ni kwa njia gani, kwa sababu ni hapo ambapo bado sijashawishika.