Ada za kuhamisha franchaizi Marekani: zipi zimejificha?

Swali: Wakuu, kwa anayenunua mgahawa wa franchaizi (unaoendeshwa kwa jina na mfumo wa kampuni yenye chapa, kwa malipo) Marekani kutoka kwa mmiliki wa sasa, dalali ametaja "ada ya uhamisho" tu. Kuna nyingine?

Jibu la 1: Zipo. Omba FDD, ule waraka wa mwenye chapa unaoeleza masharti na gharama za franchaizi, wenye vipengele 23. Cha 6 kinaorodhesha ada nyingine zote, cha 17 masharti ya uhamisho. Ada yenyewe huwa kiasi maalumu au asilimia ya ada ya kujiunga. Kinachouma ni ukarabati: mwenye chapa anaweza kugoma kuidhinisha mpaka duka lifikie viwango vya sasa, na gharama hiyo mara nyingi huipita ada ya uhamisho. Ongeza mafunzo, pamoja na nauli na malazi yako.

Jibu la 2: Nani alipe ni mapatano, kwa hiyo liandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Mrabaha (malipo ya kutumia chapa) na michango ya matangazo ambayo muuzaji hajalipa ikatwe kwenye bei siku ya kukamilisha mauziano. Kodi ya mauzo pia: katika majimbo mengi deni lake humfuata mnunuzi, hivyo dai cheti cha kutodaiwa, au sehemu ya fedha ishikiliwe na mtu wa tatu.

Jibu la 3: Msisahau pango. Mwenye jengo naye huidhinisha, na hutoza gharama za wakili wake. Halafu uliza miaka iliyobaki kwenye mkataba wa chapa. Ikibaki 2, ada ya kuuhuisha inakusubiri mlangoni.