Ukipata mama lishe mzuri hapa Mwanza, umtangaze au ukae naye kimya?

Baba Kulwa
Wakuu, mwangaluka. Nina swali, na nina hasira kidogo, mnivumilie.

Nyumbani kwetu Nyegezi tuna daftari. Mwandishi ni Mama Kulwa. Kila safari ya familia, tukila mahali pakatupendeza, anaandika: tulikula nini, bei gani, choo kikoje, watoto waligombania nini. Yumo kuku wa kienyeji wa Singida, pale tunaposimama tukitoka Dar. Umo mkate wa boflo tuliokula Tanga na chai ya mchaichai. Zimo ndizi za Bukoba za Disemba, tulipopita daraja jipya la Kigongo–Busisi kwa dakika chache tu, wakati zamani kivuko kilikuwa kinatulaza foleni tukanunua mahindi ya kuchoma mpaka meno yakauma.

Na ukurasa mzima ni wa hapahapa, mama mmoja karibu na Mwaloni, Kirumba. Sato chukuchuku. Nyanya, kitunguu, ndimu, pilipili mbuzi pembeni, ugali wa dona. Elfu tano.

Mwaka juzi nikajifanya mwema, nikamtaja kwenye kundi la watu wengi, na njia nikaelekeza. Mtu akaenda na simu yake akapiga video. Miezi miwili baadaye napeleka wageni: benchi limejaa, sahani elfu kumi na mbili, samaki kama kiganja cha Kulwa, na mama mwenyewe hapiki tena, yuko mlangoni anapokea hela. Na sato si yule wa ziwani, ni hawa wenu wa vizimba wenye ladha ya pumba.

Sasa tujadili kiungwana. Tukipata sehemu nzuri, tuitangaze au tuifiche? Wiki ijayo nina ugeni wa watu tisa kutoka Dodoma na daftari simwonyeshi mtu. (Mkate msiulize. Mji huu hauna mkate, kuna godoro lililokatwa slesi.)

Ngosha wa Igoma
Tangaza, tena kwa spika. Huo wako ni uchoyo wenye daftari. Mama wa watu anaamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi Mwaloni, wewe unataka aendelee na elfu tano mpaka Kulwa amalize chuo. Na kama sasa yuko mlangoni anapokea hela, basi kafanikiwa. Ulitaka afie jikoni?

Kizimba Namba Nne
Mleta mada, shikamoo. Nilikuwa nasoma vizuri mpaka kwenye "ladha ya pumba", hapo nikashindwa kuendelea.

Mimi ni mfugaji. Naomba nikuulize, unajua kizimba kinakaa wapi? Hakikai uani kwa mtu. Kinaelea Ziwa Victoria. Maji anayoogelea sato wangu ndiyo hayohayo ya sato wako wa kuvuliwa, kati yao kuna wavu tu. Na pumba sijawahi kumlisha. Anakula punje zinazoelea, ndani yake kuna soya, mahindi na dagaa, na bei ya mfuko mmoja ukiisikia utakaa chini. Miezi sita mpaka minane namlisha kama mtoto wa bweni, halafu anatokea mtu amejifuta mdomo anamwita pumba.

Mama wa Skonzi
Na mimi nimekwama, ila kwenye mabano. "Godoro lililokatwa slesi." Haya baba. Saa nane usiku nakuwa nimeshakanda, saa kumi na moja jiko limewaka, jua likitoka pale Mabatini beseni limebaki makombo. Wanaokula magodoro ni wale wanaoamka saa tatu wakakuta ya kiwandani tu dukani. Tena ile ya jana.

Baba Kulwa
Dada yangu, sikukusema wewe. Nilisema mji.

Mama wa Skonzi
Mji ni nani sasa kama si mimi?

Mzee wa Kashai
Vijana, mnagombania mgeni na mgeni. Huyo sato mnayemwita wa ziwani halisi si wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950. Mwenyeji ni ngege, ambaye wengi wenu hamjawahi kumwonja. Uvuvi ulianza kumpunguza, wageni wakamalizia kazi. Furu nao, mamia ya aina, wengi wameishia tumboni mwa sangara. Kwa hiyo mleta mada anapolilia "sato halisi" ni kama mtu kulilia muhogo wa asili ya Usukuma, wakati muhogo ulivuka bahari.

Kuhusu mkate nakubaliana naye. Bukoba tuna mkate.

Ngosha wa Igoma
Mzee kaingia. Sasa tutaambiwa hata ugali uligunduliwa Kashai.

Halafu sangara aliletwa na Mjerumani, hilo kila mtoto wa Mwanza analijua, usitufundishe.

Mkerewe Asiyeogelea
Kila mtoto wa Mwanza anajua uongo basi. Mjerumani aliondoka na vita ya kwanza. Sangara kaingia miaka ya 50 kuelekea 60, upande wa Uganda, Mwingereza akiwa bado kakalia kiti. Mjerumani katuachia jina la jiwe pale Bismarck, basi.

Babu yangu Nansio alikuwa mvuvi. Alikuwa anasema ngege ukimchemsha huhitaji kumwita mtu, harufu inapita nyumba kwa nyumba. Mimi sikumwahi. Nimewahi kuambiwa "huyu ni ngege" Kisumu, nikala kwa heshima zote, kumbe Wajaluo sato yeyote kwao ni ngege. Nililipa bei ya historia nikala sato wa kawaida.

Fundi Friji
Kisumu hata usiwe na hakika kama alikuwa wa ziwani. Wenzetu Kenya wanaagiza sato waliogandishwa kutoka China, nao wana ziwa mlangoni.

Ngosha wa Igoma
Wana ziwa kidogo. Nusu ni letu.

Fundi Friji
Nusu letu na sahani elfu kumi na mbili.

Shangazi Pasiansi
Naomba mfugaji atujibu kitu kimoja bila kuzunguka. Kuna habari kwamba sato wa vizimba wanapewa homoni wawe madume wote. Kweli au uongo? Mimi nina wajukuu.

Kizimba Namba Nne
Shikamoo shangazi. Sitazunguka.

Ni kweli kwa vifaranga. Wiki tatu hivi mpaka nne za mwanzo, akiwa mdogo kama punje ya mchele, chakula chake huchanganywa na homoni ili wote wawe madume. Sababu ni kwamba sato jike ana haraka ya kuzaa. Ukichanganya jike na dume, badala ya kukua wanazaana, unabaki na kizimba kilichojaa vidole. Baada ya hapo hakuna homoni, ni miezi na miezi ya chakula cha kawaida kabla hajafika kwako. Mimi nanunua vifaranga vikiwa tayari, sichanganyi chochote nyumbani.

Na kabla hamjaniuliza: Januari 2024 Rais Samia alikuja hapahapa Mwanza kugawa boti na vizimba. Kama ni pumba, basi ni pumba ya serikali.

Mzee wa Kashai
Serikali kugawa kitu hakukifanyi kiwe kitamu, kijana wangu. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na moja.

Shangazi Pasiansi
Umejibu kiume. Ila bado sili.

Binti wa Sufuria
Naweza kurudi kwenye swali? Mama yangu ni mama lishe, si huyo wa Baba Kulwa, lakini hadithi ni moja.

Sisi pia tulitangazwa. Hakuna aliyetuuliza. Wiki ya kwanza mama alifurahi mpaka akalia. Wiki ya tatu mwenye fremu akaja, kaona foleni, kodi ikapanda mara mbili. Mkaa ukaongezeka kwa sababu sasa tunapika sufuria tatu. Sato wakubwa Mwaloni hawatungojei sisi, wanawekwa barafu wanapanda basi kwenda Dar, aliyebaki ni mdogo na bei yake si ndogo. Mama akaongeza wasichana wawili, mmoja anaunguza. Wale watu wa video walikuja mara moja tu. Wateja wa zamani, mafundi na wapakia mizigo, wakaona bei wakahamia kwenye mihogo na dagaa. Baada ya miezi mitano foleni ikaisha, kodi ikabaki palepale.

Kwa hiyo wala sisemi mfiche. Nasema ukimtangaza, basi na wewe uwe unarudi. Na usimfikishe mtu kwa mama yangu ukamwambia "elfu tano" ya mwaka juzi.

Ngosha wa Igoma
Pole dada. Lakini mkaa si tatizo la Baba Kulwa kumtaja mtu, ni tatizo la mkaa. Siku hizi kuna gesi.

Binti wa Sufuria
Umewahi kupika ugali wa watu sitini kwa gesi?

Ngosha wa Igoma
Mimi mwanaume.

Mama wa Skonzi
Jamani!

Shangazi Pasiansi
Huyu Ngosha anaishi na nani? Mumwonee huruma huyo mtu.

Ngosha wa Igoma
Nilitania. Mnanishambulia mimi, yeye mwenye mada aliyewaita wamama wa mji mzima wauza magodoro mmemsamehe.

Baba Kulwa
Sikusema wamama! Someni. Na neno "uchoyo" silikubali. Nimelisha wageni mji huu tangu stendi ipo katikati ya mji. Mchoyo hana daftari, mchoyo anakula peke yake kimya kimya.

Tena huyo mfugaji, mimi sina ugomvi naye, lakini ulimi wangu siwezi kuusingizia. Nilisikia tope.

Dada wa Maabara
Tope na pumba ni vitu viwili tofauti, mzee wangu, na mwanzo uliandika pumba. Ile ladha ya udongo inatokana na vijimea vya majini, maji yakiwa yametuama na yana rutuba nyingi. Samaki anaifyonza na kuihifadhi kwenye mafuta yake. Hata sato wa kuvuliwa ghubani, penye maji machafu ya mji, anaweza kuwa nayo. Mfugaji makini anaweza kumweka kwenye maji safi siku kadhaa bila kumlisha kabla ya kuuza, ikapungua sana. Kwa hiyo muulize mpishi samaki katoka ghuba gani.

Fundi Friji
Ukimuuliza mama lishe swali hilo saa saba mchana atakupiga mwiko.

Mama Kulwa
Nimeitwa na jirani nije nisome huku. Habari zenu wote, shikamoo wazee.

Daftari ni langu. Naomba niweke kumbukumbu sawa kwa sababu nimeona linatajwa bila ruhusa. Kwanza, ile sahani ya elfu kumi na mbili ilikuwa ya watu wawili na ugali mbili, mwenzangu alikula peke yake nikamwangalia. Pili, "elfu tano" ni ya kabla Dotto hajaanza darasa la kwanza. Dotto yuko la tatu. Tatu, choo naandika kwa sababu mimi ndiye ninayewapeleka watoto.

Mama wa Skonzi, za kwako nimezikuta ukurasa wa mwanzo kabisa, za iliki, beseni la bluu. Baba Kulwa anazila nne kila Jumamosi. Anadhani nanunua dukani.

Mama wa Skonzi
😂😂 Nimenyanyuka kitini. Jumamosi nakuwekea pembeni, za moto.

Mzee wa Kashai
Iliki kwenye skonzi ni kuficha unga mbaya.

Mama wa Skonzi
Shikamoo mzee. Lala salama.

Ngosha wa Igoma
Baba Kulwa yuko wapi? Baba Kulwaaa.

Baba Kulwa
Niko hapa. Bei zimepanda, hilo halijafutwa na daftari. Na wageni tisa bado wanashuka Jumatano, na sijapata jibu hata moja lenye maana, zaidi ya historia ya Mjerumani.

Kizimba Namba Nne
Mzee, walete kwangu. Nasema kweli. Nitachoma mwenyewe, wanne wa kuvuliwa na wanne wa kizimba, uzito mmoja, chumvi na ndimu tu. Sikuambii yupi ni yupi. Ukiwatambua wote, nitaandika hapa kwa herufi kubwa kwamba nafuga pumba. Ukikosea, utaandika wewe.

Baba Kulwa
Nimekubali. Mashahidi ni hawa. Ni wapi? Elekeza.

Kizimba Namba Nne
Nitakuandikia pembeni. Hapa wako wengi, watajaa.

Ngosha wa Igoma
ETI PEMBENI. Wakuu mmeona? Wakuu?

Mkerewe Asiyeogelea
Mimi nina mtumbwi. Mniambie tu upande gani wa ziwa.

Shangazi Pasiansi
Samahani, nilikuwa msikitini. Hizo wiki tatu za homoni ni kabla au baada ya kuwekwa kwenye kizimba?