Njia panda ya Goma: tung'oe lami tuweke bustani?

Hoja iliyoletwa: njia panda moja ya katikati ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ing'olewe lami, pawe uwanja wa miti na viti. Wenye kuunga mkono wanataja Place de Catalogne ya Paris, iliyokuwa ya magari na mwaka 2024 ikawa msitu mdogo wenye miti zaidi ya 400.

Fundi wa barabara: Kama ni majani katikati ya rond-point (mzunguko wa magari) tu, napinga. Kisiwa kilichozungukwa na malori hakuna mama atakayevukia na mtoto. Fungeni mkono mmoja wa barabara, bustani ishikane na njia ya waenda kwa miguu. Acheni mita 4 bila ngazi wala mti kwa gari la wagonjwa.

Mtunza miche: Sawa, papa fundi, lakini kazi yenyewe iko chini. Mwaka 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu, ikaganda. Hapo ukitoa lami unakutana na jiwe. Kila mti unataka shimo la mita 1.5 kwa 1.5, kina 1.2: sentimita 20 za chini changarawe, juu yake kitambaa cha kuchuja, halafu mita nzima ya udongo. Ni mita za ujazo 2.25 kwa mti. Miti 20 ni 45. Udongo hushuka mvua zikianza, ongezeni moja ya tano. Lori la mita za ujazo 8 litakwenda mara saba.

Kabla ya kujaza, mwageni shimoni bidoni (madumu) mbili za maji. Yakikutwa asubuhi bado yamesimama, toboeni jiwe zaidi, la sivyo mizizi itaoza. Yakipotea papo hapo, kuna ufa: bila kitambaa, mvua itameza udongo wote na mti utainama. Pandeni Septemba. Grevilea inafaa, mkaratusi hapana.

Mtetezi wa motari: Na sisi? Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, asipopewa mahali atasimama juu ya mizizi, udongo ugande, maji yasiingie, mti ufe. Pikipiki 30 zinataka kama mita za mraba 50, bila kuhesabu njia ya kutokea. Mfano wa Paris hautuonyeshi hilo.

Mtunza miche: Ni haki yenu, iandikwe kwenye ramani tangu mwanzo, kwenye sakafu ya mawe, mbali na mashimo.

Mama wa mtaa: Juni mpaka Agosti nani analipa maji?

Mtunza miche: Lita 40 kwa mti kila wiki, yaani bidoni 40 za lita 20 kwa miti yote, kwa misimu mikavu miwili ya kwanza. Mama, bila pesa hiyo kutengwa mapema, hata mimi nitapiga kura ya hapana.

Fundi wa barabara: Basi tuanze na mapipa ya mchanga kufunga mkono huo wiki nne, shule zikiwa wazi na mvua inanyesha. Foleni ikifika njia panda inayofuata, tuchague mkono mwingine kabla ya kuleta nyundo.

Mtetezi wa motari: Kwa majaribio hayo nakubali. Kwa lami kung'olewa, bado.