Nimepangiwa sauti kwenye filamu ya mwaka wa pili, nibaki au niombe kuhamishwa?

kijana_wa_lenzi

Wakuu, habari zenu. Nasoma utayarishaji wa filamu, televisheni na video, niko mwaka wa pili. Muhula huu tunafanya filamu fupi kwa vikundi, na nafasi kagawa mwalimu mwenyewe. Nusu ya darasa walitaka kuongoza, nusu nyingine walitaka kamera. Mimi nimeangukia sauti.

Sidharau kazi ya mtu, ila nilikuja chuo kwa ajili ya picha: lenzi, mwanga, rangi. Kazi zangu zote za kuonyesha watu ni za picha. Sasa naona muhula mzima nitashika fimbo ya maiki juu ya vichwa vya watu huku wenzangu wakijaza majina yao kwenye kazi za kamera.

Naomba kujua mawili. Mtu anayelenga upigapicha anaambulia nini kwenye sauti? Na kama nikibaki, nijue nini kabla ya siku ya kwanza? Hadithi yenyewe ni ya watu wawili wanaogombana jikoni, karibu yote mazungumzo. Idara imetupa kinasa sauti kimoja, maiki mbili za fimbo (moja ndefu, moja fupi) na maiki moja ndogo ya kubana kifuani.

sikio_la_tatu

Watu wawili, jiko moja, maneno mwanzo mwisho. Mkuu, hiyo filamu wamekukabidhi wewe, hawajajua tu. Picha ikitikisika mtazamaji atasema mwongozaji kakusudia. Maneno yasiposikika anaondoka.

Nianze na swali lako la kwanza maana ndilo linalokuuma. Mshika fimbo hawezi kufanya kazi bila kujua lenzi iliyofungwa. Ikiwa ya milimita 24, fremu inaona karibu hadi dari na wewe unasukumwa mbali. Ikiwa ya 85, unaweza kushuka hadi karibu na nywele za mwigizaji. Kabla ya kila picha utamuuliza mpiga picha ukingo wa juu uko wapi, utashusha maiki mpaka aione, kisha utaipandisha kidogo. Halafu taa. Fimbo ikipita mbele ya taa kali, kivuli kinatua ukutani au, vibaya zaidi, kwenye paji la uso. Kwa hiyo kila taa ikihamishwa unalazimika kujua inatoka wapi, inaanguka wapi, na upande upi una kiza cha kukuficha. Fanya hivyo muhula mzima uone kama hutasoma mwanga haraka kuliko yule anayekaa nyuma ya kioo cha kamera. Yeye anaona picha moja, wewe unaona chumba kizima.

Sasa jiko. Maiki ndefu iache ndani ya begi. Ina mrija wenye matundu unaopunguza sauti za pembeni, na mrija huo unapenda nje, penye nafasi. Kwenye chumba kidogo chenye vigae sauti inagonga ukuta na kurudi imechelewa kidogo, mrija unavurugika, na mazungumzo yanatoka kama yamesemewa ndani ya ndoo. Tumia ile fupi. Muulize fundi wa idara kama ni ya hipakadioidi, yaani inayosikia zaidi ya mbele na kupunguza za pembeni, na kama ndiyo, umepona. Iwe juu ya waigizaji, imeelekea kati ya mdomo na kifua, karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Ukiongeza umbali mara mbili unapoteza takribani desibeli 6 za sauti ya mtu, lakini mwangwi wa chumba unabaki pale pale. Hakuna programu ya kuhariri itakayokurudishia hilo vizuri.

Friji lizimwe. Mlio wake unawaka na kuzima wenyewe, ukikata kati ya picha mbili kila mtu anasikia. Weka funguo za gari au za nyumba ndani ya friji hilo, hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuliwasha. Chini ya sahani na vikombe tandika kitambaa kinene pale kamera isipoona.

Kinasa sauti kiweke kilohezi 48, biti 24. Mazungumzo ya kawaida yacheze karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, pale sauti inapoanza kupasuka. Ila hao wanagombana! Waombe wafanye mazoezi kwa sauti yao kamili, wasinong'one, la sivyo utapanga kiwango cha mnong'ono na kelele ya kwanza itapasuka. Maiki ya kamera nayo iachwe ikirekodi, ni ya kulinganishia tu sauti na picha mkifika kwenye uhariri, pamoja na kibao kinachogongwa mwanzo wa kila picha.

Jambo ambalo mwongozaji wako atalikataa: ugomvi mzuri watu wanakatishana maneno. Kwenye picha pana waache wakatishane. Kwenye picha za karibu, mmoja amalize ndipo mwingine aanze. Wakipandana hapo, mhariri hawezi kukata, kwa sababu sauti ya asiyeonekana imeingia kwenye maiki ya anayeonekana. Kukatishana kutatengenezwa kwenye taimulaini ya programu ya uhariri kwa kusogeza vipande. Mweleze mapema, nje ya seti, si mbele ya waigizaji.

Mwisho wa kila eneo, kabla watu hawajaanza kukunja nyaya, omba sekunde 30 za kimya na kila mtu asimame alipo. Rekodi hicho kimya, mhariri atakitumia kuziba mapengo kati ya maneno. Watakununia, zoea.

nusu_fremu

Nakubali ya ufundi yote. Nipinge kidogo kuhusu kazi za kuonyesha. Mtu atakayemwajiri kama mpiga picha atataka kuona picha, hatauliza alishika fimbo vizuri kiasi gani. Kijana, usiombe kuhamishwa, walimu wanakumbuka aliyekimbia nafasi. Lakini azima kamera mwishoni mwa wiki, upige kitu chako kifupi kisicho na maneno, watu wawili na dirisha moja vinatosha. Na uombe kukaa nyuma ya mhariri wanaporekebisha rangi. Hakuna atakayekufukuza ukiwa ndiye uliyewaletea sauti safi.

sikio_la_tatu

Hapo sawa kabisa. Ila Walter Murch alisomea filamu Southern California, akakaa kwenye sauti na uhariri, na mwaka 1997 akatoka na Oscar mbili kwa filamu moja, The English Patient: moja ya uhariri, moja ya sauti. Sauti si chumba cha adhabu.

nusu_fremu

Murch si mpiga picha, mzee.

sikio_la_tatu

Haya, umenikamata. Hoja ya kivuli bado inasimama.

kijana_wa_lenzi

Asanteni sana wakuu. Hiyo ya kuuliza lenzi sikuwahi kuifikiria, nilidhani mshika fimbo anaambiwa tu "panda, shuka". Nabaki, na kamera nitaazima kama alivyosema nusu_fremu.

Moja la mwisho. Mwongozaji anataka nitumie maiki ya kifuani kwa mwigizaji wa kike kwa sababu picha ya mwisho ni pana sana, fimbo haifiki. Mavazi yake ni aproni ya nailoni juu ya shati. Itafichika?

sikio_la_tatu

Itafichika, na itasugua. Nailoni ikigusana na shati ni mchakacho kila anapopumua, na kwenye ugomvi atapumua sana. Aproni ya pamba, na maiki ibandikwe kwa utepe upande wa ndani wa shati, waya upigwe kitanzi kidogo chini yake ili mvuto usifike kwenye maiki. Na kwa picha hiyo hiyo pana, wakishamaliza, wapeleke waigizaji pembeni kamera ikiwa imezimwa, waseme maneno yale yale chini ya fimbo yako kwa kasi ile ile. Mhariri atayavisha midomo ya mbali bila mtu kugundua.

Aproni lakini uanze nayo leo. Mpigie mtu wa mavazi kabla hajainunua.