Naomba ushauri: vijana wa tofali za kufungamana, Masasi

Habari za kazi wakuu. Nina kikundi cha vijana hapa Masasi, wengi wao waliishia darasa la saba au kidato cha pili. Tunafyatua tofali za kufungamana, zile zinazoingiana moja na nyingine ukutani, kwa mashine ya mkono. Hazichomwi, kwa hiyo kuni hatugusi na mikorosho ya watu inapona. Tunachanganya ndoo moja ya saruji kwa kumi za udongo mwekundu, kisha tunazimwagilia wiki nzima chini ya turubai.

Tatizo, kona zinameguka hata ukikwangua kwa ukucha, hasa udongo ukitoka bondeni, ule unaonata mkononi. Tumeongeza mchanga, nafuu ni kidogo tu. Mafundi, niongeze saruji (bei mnaijua) au nihame kabisa shimo la udongo?

La pili, wateja wanadai cheti. Najua VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wanapima na kurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini. Kwa aliyepitia huko: wanakuja kuwapima saiti, au lazima vijana waende chuoni? Nauli ndiyo inayotukwamisha.

Natanguliza shukrani.